Katika Kuusifu Upepo Uharibuo Arusi

Mvua imesifiwa kiasi cha kutosha katika nchi ya Trans Nzoia na Bungoma, na jua limesifiwa, na ng'ombe, na mahindi, na hata miwa, ingawa imekwisha kuwang'oa watu meno, nayo imepata wa kuiimbia. Lakini upepo wa Desemba, ule ushukao adhuhuri ya Jumamosi wakati bibi arusi ndiyo kwanza anatia mguu nje ya gari, haujapata hata siku moja mtu wa kusimama mbele ya kadamnasi akaunenea neno jema. Hutajwa kwa shutuma tu, na wenye kuushutumu ni watu wazima wenye akili zao, wenyeviti wa kamati na wahazini, ambao mwaka mzima humwomba Mungu awape hewa safi, na wakipewa kwa wingi hukasirika. Dhuluma hii imedumu mno. Na kwa kuwa hapana wakili mwingine aliyejitokeza, nami sina hema la kupasuliwa wala kofia ya kupeperushwa, nimeitwaa kesi hii bila ujira, kwa sharti moja tu, kwamba msomaji anisikilize mpaka mwisho kabla ya kunitupia kiti cha plastiki. Na kiti hicho, nimwambie mapema, mteja wangu hukitupa vizuri zaidi.

Desturi ya sifa ni kuanza na nasaba, na katika jambo hili mteja wangu hana wa kumkaribia. Sisi wengine twahesabu mababu wanne watano kisha tukababaika. Yeye ni mjukuu wa kaskazi, pepo zile ambazo kwa karne nyingi, ifikapo Desemba, zilijaza matanga ya majahazi yakatoka Arabuni na Ghuba yakaja Lamu, Mombasa na Unguja, yakakaa huko na tende zake hata kusi ilipogeuka kuyarudisha makwao. Mabaharia walizingoja kwa adabu, wala hapana nahodha aliyepata kuunda kamati ya kuzizuia. Wanachuoni nao hutukumbusha kwamba upepo ulimtii Nabii Suleiman, na tangu alipofariki haukutiishwa tena na mfalme wala sultani, seuze kijana mwenye kukodisha hema mjini Kitale.

Basi pepo hizo, zikiisha kuvuka nyika na kupanda bara, hupoteza harufu ya chumvi, hupata ubaridi na ujeuri katika milima ya Cherangani, kisha huteremka juu ya Kitale, mji uliokaa kiasi cha mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, ambako hata mikaratusi mirefu ya kandokando ya mashamba hupinda migongo kuzipisha. Mlima Elgon nao, ambao kilele chake kirefu kuliko vyote kiko upande wa Uganda kwa mita 4,321, una taratibu zake: jua likiipasha moto miteremko hewa hupanda, na usiku ukiingia hushuka ikiwa baridi, ikapita Kimilili na Chwele bila kubisha hodi. Alasiri hewa ya Ziwa Viktoria husogea bara ikaingia Bungoma kwa upande wa machweo, hata mtu akiuliza mlango wa hema uelekezwe wapi hupewa majibu mawili, yote sahihi. Wala huu si ukoo wa wavivu. Jamaa yao apitaye kati ya nyanda za juu za Uhabeshi na zetu amepata ajira Loiyangalani, karibu na Ziwa Turkana, ambako huzungusha vinu 365, kimoja kwa kila siku ya mwaka, vyenye uwezo wa megawati 310, vilivyozinduliwa rasmi mwaka 2019. Na yamkini spika ile iliyoangushwa hemani katikati ya wimbo ilikuwa ikiimba kwa umeme wa jamaa huyo huyo.

Wenye kulalamika huuliza kwa nini uje Desemba, miezi ikiwa kumi na miwili. Swali hilo lafaa kuulizwa kinyume, kwani upepo ulikuwa na Desemba yake kabla ya arusi kuzaliwa, na arusi ndizo zilizohamia huko zenyewe, kwa ikhtiari yao na kwa sababu zisizofichika: mahindi yamevunwa, shule zimefungwa, jamaa walioko Nairobi na Mombasa wamepata likizo, na kwa upande wa Bungoma, ambako Agosti ya kila mwaka wa hesabu shufwa ni ya tohara, mwezi unaomaliza busaa, kuku na akiba, hapana mzazi mwenye akili timamu awezaye kuozesha mapema zaidi. Ongeza juu yake mahari ya desturi ya Wabukusu, ambayo hesabu yake ni ng'ombe 13, na utaona kwamba Desemba si mwezi uliochaguliwa na wapendanao. Umechaguliwa na gunia la mahindi.

Na arusi zenyewe zimebadilika. Siku hizi kamati huanza kazi katika simu ya bibi arusi, ambamo mna picha ya arusi iliyofanywa Ufaransa au Italia katika shamba la mizabibu, mwishoni mwa majira ambayo majani ya huko hugeuka rangi na kupukutika: meza ndefu imetandikwa kati ya safu za mizabibu, mishumaa inawaka, na upepo, kwa sababu ni picha, umetulia. Kitale haina sifa ya mizabibu. Kwa upande wetu huu wa Afrika mizabibu ya kutajika iko Dodoma, ambako huvunwa mara mbili kwa mwaka katika nchi kavu, na Kenya ina kidogo upande wa Naivasha. Sisi tuna mabua.

Nami nimeiona picha hiyo ikitengenezwa kwa mabua, katika shamba moja upande wa Kiminini, ambapo ekari nzima ilikuwa imevunwa yakabaki mashina makavu ya kimo cha kifundo cha mguu, na mafungu ya mabua yamesimamishwa pembeni, na katikati likasimikwa hema jeupe la vilele viwili, nguzo zake zikazungushiwa mizabibu ya plastiki yenye zabibu nene za rangi ya damu ya mzee, na satini ya rangi hiyo hiyo ikafungwa migongoni mwa viti kwa mafundo makubwa. Palikuwa na zulia, palikuwa na tao la maua, palikuwa na puto, na keki ya ghorofa tano iliyokuja kutoka mjini ikiwa imepakatwa na watu wawili ambao njia nzima hawakuthubutu kukohoa. Hata saa saba unusu hapakuwa na dosari. Kisha mabua ya upande wa mashariki yakaanza kunong'ona, vumbi jekundu likainuka barabarani bila gari kupita, na senge wa bibi arusi, yaani shangazi yake, mama mwenye umbo la kuaminika, aliyekuwa ameketi ukingoni akimenya chungwa, akatazama juu, akalifunga chungwa lake katika leso, akavua viatu, akaenda kukaa juu ya kamba ya hema pale ilipofungwa kigingini. Hakuagizwa na mtu. Katika umati ule mzima yeye peke yake ndiye aliyetambua ni nani anayewasili, na kona aliyoikalia ndiyo pekee ambayo haikuondoka ardhini.

Yaliyofuata sitayaeleza yote. Puto zilitangulia, kwa kuwa ndizo zenye haraka. Ratiba zikafuata, na pamoja nazo ukurasa wa pili wa hotuba ya msimamizi. Kisha satini ikavuliwa vitini kwa mkupuo mmoja, ikabainika kwamba viti vile vya fahari vilikuwa viti vya plastiki, na kwamba mgongoni vilikuwa vimeandikwa kwa rangi nyeusi jina la kanisa jirani ambalo mhazini alikuwa amesahau kuliandika katika orodha ya waliochangia. Mizabibu ilichomoka nguzoni ikabururwa hata mashinani mwa mahindi, ambako mbuzi mmoja aliyekuwa amefungwa huko kwa shughuli ya jioni aliionja, akatafuna kwa muda, akaitema. Huo ndio uhakiki wa mapambo wenye insafu kuliko wote niliousikia msimu ule.

Hapo patakuwa na atakayesema kwamba mteja wangu ni mharibifu. Mimi nasema ni mkaguzi wa hesabu, na mkaguzi hapendwi popote. Wajomba wawili, mmoja wa kuumeni na mmoja wa kukeni, waliokuwa hawasemezani tangu siku ya kubishania ng'ombe wa kumi na moja, ambaye mmoja alidai ni mtamba na mwingine akaapa kuwa ni kikongwe, walijikuta wameikumbatia nguzo moja, vifua vimegusana, tai ya huyu imeruka begani mwa yule. Na kwa kuwa hapana aliyeweza kuiachia nguzo bila hema kuwaangukia wakwe wote, ilibidi wasemezane. Walibishana kwa sauti ni upande gani waivutie. Wazee wawili wa ukoo walikuwa wamejaribu kuwasuluhisha miezi mitatu, na ada ya kikao wamekula.

Tena, katika kutwaa kwake upepo una haki zaidi kuliko inavyodhaniwa. Arusi za pwani tangu zamani zina ada zake: baba wa bibi arusi hupewa kilemba, mama hupewa mkaja, kungwi hupewa chake, mshenga naye hasahauliki, na hapana aitaye jambo hilo wizi. Mteja wangu hadai ng'ombe wala bahasha. Hujitwalia kilemba chake mwenyewe, ambacho siku ile ya Kiminini kilikuwa kofia pana ya mama mmoja wa kutoka Nairobi, yenye ua la ukubwa wa sahani, pamoja na shela ya bibi arusi, ambayo ilipanda hewani kwa adhama, ikazunguka mara moja juu ya meza ya wakubwa, ikaenda kutua juu ya waya wa seng'enge. Kama anastahili ada ya mshenga nitathibitisha hivi punde.

Kabla ya hapo niseme neno juu ya hotuba, kwani katika sura hii fadhila za upepo haziwezi kulipika. Kila arusi ya Kitale na Bungoma hupata mheshimiwa, aliyealikwa au aliyepita njia, na mheshimiwa hupewa dakika mbili, na hapana binadamu aliyepata kuziona dakika hizo zikifika mwisho. Mshereheshaji hawezi kumkatiza, mchungaji hawezi, baba wa bwana arusi, aliyeahidiwa mchango, hataki. Lakini kipaza sauti kina udhaifu mmoja ulio mwema, kwamba hakiwezi kupambanua pumzi ya mheshimiwa na pumzi ya Cherangani, na zote mbili zikiingia kwa pamoja hutoa mngurumo ambao ndani yake ahadi ya lami na ahadi ya maji haziwezi kutofautishwa. Siku ile mheshimiwa alikuwa amekwisha kutoka kwenye pongezi, amepita kwenye barabara, na anakaribia daraja, upepo ulipokipokea kipaza sauti. Aliendelea kwa muda akifungua na kufumba mdomo. Watu wakapiga makofi kwa moyo mmoja, jambo ambalo alilitafsiri kwa namna iliyomfurahisha, akakaa.

Sasa hoja yangu kubwa. Wageni wa siku ile walisema kwamba upepo umeivamia arusi bila kualikwa, na ukweli ni kwamba wao ndio walioingia katika ukumbi wake. Kwani arusi iliyo kubwa kuliko zote katika Trans Nzoia hufungwa mnamo Julai, bila hema wala kamati, pale mahindi yaliyopandwa tangu mwisho wa Machi yanapotoa mashada kileleni na nyuzi laini katika vibunzi. Shada la juu ndilo la kiume, limejaa chavua. Nyuzi za chini ni za kike, na kila uzi mmoja hungoja chembe moja ya chavua ili izaliwe punje moja. Uzi usiopata mchumba huacha pengo kwenye gunzi, na mkulima huliona pengo hilo akalaumu mbolea. Ni nani basi apelekaye posa kutoka kileleni mwa mmea huu hata kwenye nyuzi za mmea ule, mamilioni kwa mamilioni, shamba kwa shamba, kutoka Endebess mpaka Kimilili? Nyuki si wa kutegemewa katika shughuli hii. Mshenga ni upepo.

Wenyeji wa Kitale ndio wasiopaswa kabisa kulisahau jambo hili, maana mji wao umeishi kwa ushenga huo. Kampuni ya Mbegu ya Kenya iliasisiwa Kitale mwaka 1956, na mwaka 1964 ikatolewa kwa wakulima ile H611, chotara iliyopatikana kwa kuyaoza mahindi ya Kitale na mahindi yaliyoletwa kutoka Ecuador, ndoa ya mbali kuliko yoyote iliyowahi kupigiwa vigelegele Bungoma. Na mpaka leo, katika mashamba ya mbegu, safu za mahindi yatakayokuwa mama hung'olewa mashada yake, hata yasiwe na uwezo wa kujioza yenyewe, kisha huachwa yangoje chavua ya safu za baba. Na aipelekaye si mtaalamu mwenye koti jeupe. Mtaalamu anaujua upepo vizuri mno. Anajua kwamba ukileta chavua ya jirani utaleta na mwana wa haramu, na kwa hivyo shamba la mbegu hutengwa mbali na mahindi mengine. Angalia hekima hiyo: hakuunda kamati ya kuukemea upepo, alisogeza shamba.

Wala kazi yake haiishii kwenye posa. Bodi ya Nafaka haipokei mahindi ambayo unyevu wake umezidi asilimia 13.5, na mahindi yanayowekwa ghalani yakiwa mabichi huota kuvu yenye sumu, ile iliyoua watu zaidi ya mia katika Ukambani mwaka 2004. Mkulima aliyeanika mahindi yake juu ya turubai hutazama juu akalishukuru jua, kwa sababu jua huonekana; lakini jua lenyewe, katika bonde lisilo na upepo, huipasha punje moto tu na kuuacha unyevu wake umetanda papo hapo, mpaka aje mwingine auchukue. Fanya hesabu basi. Upepo ulioza mahindi Julai, ukayakausha Novemba, bwana arusi akayauza kwa gunia la kilo 90, akalipia hema, keki, satini na zabibu za plastiki. Na ulipofika Desemba kutazama fedha yake imetumikaje, akina mama wakaukemea.

Mvua, kwa upande wake, ikinyesha arusini husemwa kuwa ni baraka, hata kama gari la bibi arusi limezama matopeni hadi milangoni na bwana arusi analisukuma kwa suruali nyeupe. Sina ugomvi na mvua. Nauliza tu kwa nini baraka iwe ya maji peke yake.

Yako mashtaka ambayo sitayakana. Kwamba upepo haukutoa taarifa ni kweli. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 yawataka wanaofunga ndoa ya kiserikali watoe ilani ya siku zisizopungua 21, na mteja wangu hakutoa hata ya dakika moja, isipokuwa ile aliyoisoma senge. Kwamba alitia vumbi katika pilau ni kweli pia, ijapokuwa waliorudi kuongezewa walikuwa ni wale wale walioshtaki. Ama shtaka la moshi, kwamba mafiga yaliwekwa nyuma kabisa kwa heshima ya wageni, kisha upepo ukageuka ukaupeleka moshi wote katika meza ya wakubwa wakati wa viapo, jibu lake ni kwamba wakubwa walitokwa na machozi hadharani, wakasifiwa kwa huruma yao, na mmoja wao amekuwa akialikwa katika arusi nyingi tangu hapo. Wahenga walisema dau la mnyonge haliendi joshi. Hema la mnyonge nalo haliendi, na kosa hilo si la joshi.

Jumatatu yake kijana mwenye hema alifika nyumbani kwa bibi arusi, amelibeba hema lake limekunjwa, ili adai fidia ya mpasuko wenye urefu wa dhiraa nne. Wazee wakaketi chini ya mparachichi. Aliyejibu ni khocha wa bibi arusi, yaani mjomba wake, yule yule wa ng'ombe wa kumi na moja.

"Mwanangu," akasema, "vigingi vyako ulivipiga vikaingia kiasi gani?"

Kijana akaonyesha kwa kidole na kiganja.

"Na hema lilipasuka kona ipi?"

"Ile ya jikoni, mzee. Na hii ya meza ya wakubwa."

"Ile aliyoikalia senge?"

"Ile haikupasuka."

"Haikupasuka. Nani alimlipa senge?"

Kijana akanyamaza. Wazee wakanong'onezana kwa muda, wakatoa hukumu kwamba atalipwa nusu ya fidia, ikiisha kupunguzwa ujira wa senge wa mchana mmoja, pamoja na chungwa ambalo hakuwahi kulimaliza. Kijana akazipokea fedha, akazihesabu, akaaga. Lakini alipofika langoni akarudi, akauliza kwa heshima kama senge ana nafasi Jumamosi ijayo, kwa sababu ana hema la kusimika Webuye.